Mbwa wako hatulii mafunzoni? Tafuta chanzo hapa

Jioni moja huko Tabata, dada mmoja aliniita nimwone mbwa wake akiwa "darasani". Mbwa jike wa miezi tisa, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, sikio moja limesimama, jingine limekunjika katikati. Walikuwa nje ya geti, kamba mkononi. Dada akasema, "Kaa." Mbwa akatazama bodaboda inayopita. "Kaa. Kaa! Pilipili, kaa! Kaa bwana!" Juu ya ukuta wa jirani kulikuwa na paka, na upande wa pili watoto wanacheza mpira wa makaratasi. Nilihesabu "kaa" kumi na moja. Ya kumi na mbili Pilipili alikaa kweli, ila alikaa ili ajikune.

"Si unaona kaka? Hasikii huyu."

Nikamwomba aniachie kamba, aingie jikoni afungue mfuko wa dagaa bila kusema neno. Mfuko ulipochakarika tu, Pilipili aligeuka na kunivuta hadi nikakaribia kuacha kandambili getini. Masikio yalikuwa mazima, hata lile lililokunjika.

Nimefundisha mbwa wa majumbani kwa miaka kadhaa, na malalamiko ni yaleyale: haniangalii, amepagawa, mkaidi, kichwa kigumu. Mara nyingi sana mbwa hana ukaidi wowote. Amepelekwa mahali ambapo kichwa chake kimeshajaa, halafu anaambiwa ajifunze hapohapo. Hapa chini nimezipanga dalili jinsi wenye mbwa wanavyonisimulia. Ruka hadi ile inayofanana na ya kwako, lakini sehemu inayofuata usiiruke.

Kwanza kagua mwili na ratiba yake

Amelala? Watu hushangaa nikiuliza hili. Mbwa mzima hulala karibu nusu ya siku, na mtoto wa mbwa hulala zaidi ya hapo. Sasa mbwa wetu wengi ni walinzi: wanafunguliwa saa mbili usiku, wanakesha wakibwekea kila mpita njia, kisha mchana wanafungwa kwenye banda lililo karibu na jenereta au mahali watoto wanapochezea. Saa kumi jioni unamtoa ukafundishe. Mbwa mwenye usingizi hafanani na mtu mwenye usingizi, anayesinzia. Anafanana na mtoto wa miaka mitatu aliyenyimwa usingizi wa mchana, yaani anarukaruka, anauma kamba, analia bila sababu.

Amefungwa muda gani? Mbwa aliyekaa kwenye mnyororo saa kumi na mbili, ukimfungua na kumwambia "kaa" palepale, unapambana na miguu yake. Mpe dakika kumi au kumi na tano azunguke, akojoe, anuse kuta zote. Baada ya hapo ndipo mnaanza.

Joto je? Mbwa hatoi jasho kama sisi. Anajipoza hasa kwa kuhema ulimi ukiwa nje. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, saa nane mchana, mbwa anayehema hivyo hana nafasi ya kufikiria amri. Fundisha kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Lami ijaribu kwa mgongo wa kiganja chako: ukishindwa kuuacha pale kwa sekunde saba, na nyayo zake zinaungua.

Kisha mpapase mwili mzima. Viroboto na kupe humfanya ashindwe kutulia sekunde tatu. Angalia katikati ya vidole kama kuna funza. Nusa masikio, yakiwa na harufu mbaya, au anatikisa kichwa kila mara, ana maumivu humo. Uvimbe mdogo wenye tundu katikati mara nyingi ni buu la nzi limeingia chini ya ngozi. Haya ni ya daktari wa mifugo, na gharama yake ni ndogo kuliko miezi mitatu ya kumfokea mbwa anayewashwa.

Kuna moja ambalo halina uhusiano na mafunzo kabisa. Mbwa aliyebadilika ghafla, akawa mkali bila sababu, anadondosha mate, anashindwa kumeza au anauma vitu ovyo, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usimshike. Mfungie kama unaweza kufanya hivyo bila kumgusa, uite daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Na kadi ya chanjo ya mbwa wako itafute leo uone tarehe.

Kama mwili ni mzima na ratiba inaeleweka, twende kwenye dalili.

"Uani anajua kila kitu, akitoka getini hajui hata jina lake"

Hii ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyokuwa ya Pilipili.

Kuna mambo mawili yamechanganyika. La kwanza, mbwa hajifunzi "kaa" kama tunavyofikiri. Anajifunza "kaa hapa kwenye sakafu ya veranda, mama akiwa amesimama hivi, jioni, bila mtu mwingine." Ukibadilisha sakafu, mtu au saa, kwake ni somo jipya. Usimwone mwongo. Mfundishe tena uani, kisha kwenye kibaraza, kisha nyuma ya nyumba, kisha ndani ya geti lililo wazi, kila mahali ukianza karibu na mwanzo. Mara ya tano au ya sita utaona anaelewa haraka zaidi.

La pili ni msisimko. Mwaka 1908 Wamarekani wawili, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya wadogo kuchagua kati ya njia mbili, wakiwapa mshtuko wa umeme wakikosea. Waliona kwamba somo likiwa gumu, kuongeza nguvu ya mshtuko kupita kiasi kulichelewesha kujifunza, na mshtuko wa wastani ndio uliofanya kazi vizuri zaidi. Nami simwambii mtu amshtue mbwa wake. Ninachochukua hapo ni hiki: kiumbe akisisimka kidogo anajifunza, akisisimka mno hafundishiki, na kadiri somo lilivyo gumu ndivyo kikomo kinavyofika mapema. Nje ya geti kuna bodaboda, paka, mpira, na harufu za mbwa wote waliopita usiku. Pilipili alikuwa ameshavuka kikomo kabla ya "kaa" ya kwanza.

Kikomo hicho unakipima kwa dagaa mmoja. Mpe dagaa ambaye huwa anamgombania nyumbani. Akimchukua taratibu, uko mahali pazuri. Akimnyakua kwa pupa mpaka meno yanagusa vidole, umekaribia mpaka. Akimkataa, au akimwacha aanguke chini asimwone, umeshavuka na hakuna somo litakaloingia hapo. Rudi nyuma.

Kurudi nyuma ndiyo dawa yenyewe. Usiongeze sauti, ongeza umbali. Na dada wa Tabata tulirudi hatua kama ishirini ndani ya ua, geti likiwa wazi nusu, bodaboda inasikika lakini haionekani vizuri. Pale Pilipili alikula dagaa. Tukaanza na jambo moja tu, bila "kaa" wala "lala". Kila akigeuza jicho kututazama kwa hiari yake, anasikia "safi!" na anapata dagaa. Hatukumwita, hatukupiga midomo, hatukumvuta. Tulisimama kama nguzo. Mara ya kwanza alichukua karibu dakika nzima. Mara ya nane alikuwa anasikia bodaboda, anatikisa sikio zima, kisha anatutazama sisi. Siku hiyo tuliishia hapo, dakika nne kwa jumla. Dada hakuridhika kabisa, alitaka walau aone "kaa" moja.

Kesho yake sogea hatua tatu mbele. Akikataa dagaa, rudi hatua tano. Wiki nzima inaweza kuisha hujafika getini, na hilo halina ubaya wowote.

"Namwambia mara kumi ndipo asikie"

Basi amejifunza kwamba amri ina maneno kumi. "Kaa-kaa-kaa-kaa" kwake ndiyo jina la tendo, na anasubiri limalizike. Sema mara moja, hesabu kimoyomoyo mpaka tano, nyamaza. Asipofanya, jiulize: je, anaijua? Je, umemsogeza karibu mno na vurugu? Jibu ni moja kati ya hayo, na kurudia neno hakutatui lolote kati yake.

Chanzo kingine ni lugha za nyumba. Baba anasema "sit" kwa sababu aliona kwenye televisheni. Mama anasema "kaa". Bibi anasema "keti chini". Dada wa kazi anasema "tulia wewe!", na mlinzi anatumia mluzi. Wote wanataka jambo lilelile, kisha wote wanashangaa mbwa anababaika. Kiswahili au Kiingereza, mbwa hajali. Chagueni neno moja kwa kila tendo, myaandike kwenye karatasi, myabandike kwenye mlango wa jikoni, na mlinzi asomewe naye. Epukeni maneno yanayokaribiana masikioni, na neno "hapana" lisigeuke amri ya mambo kumi tofauti.

Halafu fanya jaribio hili. Weka mikono nyuma, simama wima, sema "kaa" kwa sauti ya kawaida. Mbwa wengi watabaki wanakutazama tu, kwani muda wote walikuwa wanafuata mkono wako ulioinuka wenye chakula na neno hawakulijua kamwe. Ni kosa dogo kulirekebisha: sema neno kwanza, tulia nusu sekunde, kisha onyesha mkono. Baada ya siku kadhaa atauwahi mkono kwa kulisikia neno.

Jina lake nalo likague. Kama "Simba" hutamkwa tu anapokaripiwa, anapopelekwa kuogeshwa au kufungwa, kwa nini ageuke akilisikia? Tamka jina, mpe kitu kizuri, basi, usimwombe chochote. Mara kumi kwa siku. (Mtaani kwetu ukiita Simba wanakuja watatu, lakini hilo ni tatizo la wenye mbwa na uvivu wao wa kutafuta majina.)

"Akiona chakula mkononi ndiyo anapagawa kabisa"

Anaruka, anakwaruza, anauma vidole. Watu wengi hapa huamua kuacha kabisa kutumia chakula. Mimi nasema badilisha chakula na namna ya kukitoa.

Maini ya kuchemsha ni kitu kikubwa mno kwa mbwa mwenye papara. Yaweke kwa ajili ya siku ngumu nje ya geti. Uani tumia kitu cha kawaida: vijitonge vya ugali wa jana vyenye ukubwa wa punje ya hindi, au sehemu ya chakula chake cha jioni. Dagaa wa kukaushwa wanafaa sana, bora waoshwe kupunguza chumvi. Usimpe chochote kilichoungwa kwa vitunguu, kwa sababu kitunguu ni sumu kwa mbwa, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa sababu hupasuka vipande vyenye ncha. Na fundisha nusu saa baada ya kula kidogo. Wapo wanaomshindisha mbwa njaa ili "awe na hamu". Watapata hamu kweli, na vidole vyenye plasta.

Sasa mkono. Funga chakula kwenye ngumi, iweke usawa wa pua yake. Atalamba, atasukuma, atakwaruza. Nyamaza, usivute mkono. Kuna sekunde moja atarudisha kichwa nyuma kwa mshangao. Hapohapo sema "safi", fungua kiganja. Akirukia kiganja, kifunge. Mbwa wengi huelewa ndani ya dakika tano kwamba kurudi nyuma ndiko kunakofungua ngumi. Ukifika hapo, zawadi nyingine ziweke chini sakafuni kati ya miguu yake ya mbele badala ya kumpa kutoka juu. Chakula kinachotoka juu kinafundisha kuruka, cha chini kinafundisha kubaki chini.

Lile "safi" lina kazi kuliko linavyoonekana. Ni neno la kumjulisha kwamba *hapo, sekunde hiyohiyo*, amepatia, na zawadi iko njiani. Anayetaka kuona nguvu yake aende Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya anasikia mlio mdogo wa "klik" anapopatia, kisha anapewa ndizi. Kwa njia hiyo alifundishwa Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, akafanya kazi Kambodia na kutunukiwa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la Uingereza linalotibu wanyama, mwaka 2020. Kama panya buku anaweza kutuliza akili juu ya bomu kwa kipande cha ndizi, huyo wako wa miezi tisa naye ana tumaini. Siri iko kwenye kuwahi. Mbwa akikaa, wewe ukahangaika mfukoni sekunde nne kutafuta dagaa, yeye ameshainuka, na unachokilipa ni kuinuka. Sema "safi" kwanza, mfuko baadaye.

"Anaanza vizuri, halafu ghafla anaharibikiwa"

Dakika tatu nzuri, kisha anakamata kamba kwa meno, anazunguka mbio, anakurukia mgongoni. Somo ni refu. Mbwa kijana ana dakika tatu hadi tano za umakini, na darasa la nusu saa ni la kumfurahisha mwalimu. Vipindi vinne vya dakika tatu kwa siku vinashinda kimoja cha dakika thelathini, tena unaweza kuvichomeka unapongoja chai ichemke.

Wakati mwingine chanzo ni kukosea mfululizo. Akikosea mara mbili, fanya ya tatu iwe rahisi kiasi kwamba hawezi kukosa, mlipe, kisha maliza kipindi. Na akishaharibikiwa, usimfokee wala usimkimbize, maana yote mawili ni mchezo kwake. Tawanya dagaa saba au wanane kwenye majani, mwache awatafute kwa pua. Kunusa kunashusha kichwa chini na kupunguza kasi ya mwili mzima. Utamwona anapumua tofauti.

"Mgeni akiingia tu, anamrukia"

Pwani hili ni zito kuliko bara. Jirani anayepita kwenda msikitini alasiri, akiguswa na mate ya mbwa ana kazi mbele yake: kwa madhehebu ya Shafii, wanayoyafuata wengi huku, palipoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wewe unasema "usiogope, anacheza tu", na yeye kanzu imeharibika na sala inamngoja. Hata wasio Waislamu, wengi hapa wamekua wakiogopa mbwa, na wana sababu. Mbwa anayeruka afungwe kamba mgeni anapoingia, hadi ajue jambo jingine la kufanya. Usimfanye mgeni kuwa kifaa cha mazoezi bila ridhaa yake.

Jambo hilo jingine ni gunia. Chukua gunia kuukuu, likunje, litandike mahali pamoja kibarazani. Kila mbwa akilikanyaga, "safi" na dagaa juu ya gunia. Akilala juu yake, dagaa watatu, mmoja mmoja, taratibu. Siku za mwanzo usilitaje jina. Acha aligundue mwenyewe kwamba gunia linazaa dagaa. Akiwa analikimbilia, ndipo uongeze neno: "guniani." Kisha mtu wa nyumbani agonge geti kwa uongo. Kisha aingie. Kisha aingie akicheka na kuongea. Mgeni wa kweli ni wa mwisho kabisa.

Kwa nini aliruka tangu mwanzo? Kwa sababu alipokuwa wa miezi miwili kila mtu alimbeba. Hata anayemsukuma kwa mikono na kupiga kelele anampa anachokitaka, yaani mikono, macho na sauti. Ukiamua kumgeuzia mgongo anaporuka, jiandae, kwa sababu siku chache za mwanzo ataruka *zaidi*. Anajaribu kwa nguvu mbinu iliyokuwa ikifanya kazi. Nyumba nyingi huacha hapohapo zikisema njia haifai, na kwa kuacha hapo zinamfundisha kwamba akiongeza bidii atafanikiwa.

"Akiona mbwa wengine anabweka na kuvuta kamba"

Kwanza tofautisha furaha na woga, maana kwa mbali vinafanana. Mwenye furaha mwili wake ni laini, unapindapinda, makalio yanatikisika pamoja na mkia. Mwenye woga amekakamaa, manyoya ya mgongoni yamesimama, analamba midomo, mkia umeingia katikati ya miguu au umesimama wima unatetemeka. Wa kwanza, dawa yake ni ileile ya getini: umbali, dagaa, subira. Wa pili msogeze mbali mara moja na tafuta mtu mzoefu akuone, hasa kama ameshawahi kung'ata. Mbwa wetu wengi wamepigwa mawe na watoto au wameumwa na mbwa koko, kwa hiyo kelele zile ni kujitetea.

Kamba ikivutika, simama. Ikilegea, tembea. Inachosha na majirani watakucheka, maana mita hamsini zinaweza kuchukua robo saa.

"Namkimbiza kilomita tano kila siku na bado hatulii"

Umetengeneza mwanariadha. Mzee mmoja wa Kigamboni alikuwa akimkimbiza mbwa wake ufukweni kila alfajiri, akiongeza umbali kila wiki kwa sababu "hachoki". Hakika hakuchoka, kwa sababu pumzi ilikuwa inajengeka. (Wapo pia wanaowafunga mbwa kwenye pikipiki. Acheni. Siku mbwa atakapovuka upande wa pili wa nguzo, mtaniambia.)

Tukapunguza mbio hadi nusu, tukaongeza kazi ya pua. Chukua trei la mayai la karatasi, weka dagaa kwenye vishimo vichache, funika kwa trei jingine, mpe. Ficha chakula chake cha asubuhi sehemu sita za ua badala ya kukimwaga kwenye sinia. Chukua kitambaa chenye harufu yako, kifiche, mwambie atafute. Robo saa ya kunusa kwa bidii humlaza mbwa kuliko mbio nyingi. Mzee alinipigia siku ya nne, ana wasiwasi: mbwa amelala saa tatu asubuhi, je, anaumwa?

Kuhusu fimbo

Huulizwa kila mara. Mbwa aliyepigwa hutulia, ndiyo, kama mtu anavyotulia mbele ya jambazi. Macho yanakutazama lakini yanaangalia mkono wako unakwenda wapi, na hapo hakuna nafasi ya kujifunza "guniani". Isitoshe, mbwa akisisimka na kuumia kwa pamoja, huunganisha maumivu na chochote kilichokuwa mbele yake wakati ule, labda mtoto wa jirani. Sitaki kurefusha hapa.

Umri nao una sauti

Kati ya miezi sita na mwaka na nusu, mbwa aliyekuwa hodari hurudi nyuma. Jana alijua "njoo", leo anakutazama kama mpita njia. Ni ujana. Rudi masomo mawili nyuma, kamba ndefu isimtoke, usimwachie huru mahali ambapo huwezi kumkamata. Dume asiyehasiwa akinusa jike aliye kwenye joto mtaa wa tatu, hata maini hayatamvuta. Zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kuhasi kama hukusudii kuzalisha.

Pilipili alifika getini siku ya kumi na saba. Tulisimama palepale pa siku ya kwanza, saa kumi na mbili kasoro jioni. Bodaboda ilipita na mizigo ya mkaa. Aliitazama mpaka ikapotea kwenye kona, akapepesa, akageuza kichwa kwa dada. "Safi!" Dada alisahau kumpa dagaa kwa sababu alikuwa ananitazama mimi, kinywa wazi. Nikamwambia, mpe bwana, mpe upesi. Akampa watatu kwa mpigo, kisha, kwa sauti ya chini, akasema "kaa" mara moja tu. Sehemu ya nyuma ikashuka mchangani. Paka alikuwepo juu ya ukuta, na paka tumekubaliana kumfanyia kazi mwezi ujao.